Pole Mathe, Green Imekufa

Siku yenye Hiram Muturi alikuwa anapenda kwa wiki nzima ni Alhamisi, na sababu ilikuwa maiti.

Si ati alikuwa na chuki na maiti. Maiti hawajawahi kumkosea. Ni vile siku moja alikuwa amesimama nje ya duka ya ku-print hapa Nakuru akingoja mvua iishe, akaona kitu yenye watu wote wanaonanga kila wiki na hakuna mwenye anaifikiria. Watu wa hizi sehemu wanakufa siku yoyote, hiyo hakuna mtu anawapangia, lakini kuzikwa ni Ijumaa ama Jumamosi. Kuzika ikikuwa Ijumaa, program ya mazishi inatengenezwa Alhamisi. Kwa hivyo kila Alhamisi duka yoyote iko na printer inajaa watu wa masweta kutoka Molo, Njoro na Mai Mahiu, wameshika picha ya marehemu, wanagombana ni mjukuu gani amesahaulika kwa list. Mwenye duka hapati hata saa ya kukunywa chai. Na mtu hana saa ya kukunywa chai, hana saa ya kufikiria.

Hiram akaangalia hiyo msongamano vile paka inaangalia maziwa imewachwa bila kifuniko. Wiki iliyofuata akawa daktari.

Udaktari wake ulikuwa rahisi mpaka ni aibu kuuelezea. Anaingia duka asubuhi kama customer. Anaangusha kalamu nyuma ya meza. Anainama kuitafuta, na akiwa huko chini anachomoa cable ya screen, ile ya kichwa blue iko na vipini vidogo ndani. Moja ya hivyo vipini ndiyo inabebanga rangi ya green. Hiram anaikunja na nail cutter, anarudisha cable mahali yake, anaokota kalamu, anasema asante. Kazi yote ni ya sekunde kumi na tano, na akiwa amekula vizuri, kumi na mbili.

Sasa green isipofika kwa screen, dunia yote inageuka pink. Nyasi pink. Ng'ombe pink. Marehemu mwenyewe analala hapo pink kama soseji. Mwenye duka anapiga screen kofi, hakuna. Anazima, anawasha, hakuna. Anainama chini ya meza kuangalia waya, na hapo chini kwa mbao, mahali mtu ataona tu akipiga magoti, anapata sticker imebandikwa: DAKTARI WA SCREEN, RANGI ZOTE, PIGA SIMU. Hakuna mtu hata mmoja aliwahi kujiuliza daktari wa aina gani anabandika tangazo chini ya meza ya watu. Ukiwa kwa magoti tayari, wewe ni wa kuomba msaada, si wa kuuliza maswali.

Daktari akifika, ako na koti nyeupe, pamba, na chupa ya spirit. Anapanguza kona ya screen na pamba. Ananusa hiyo pamba. Anatikisa kichwa pole pole, na sauti yake inashuka mpaka mahali pastor huishusha akifika kaburini.

"Pole mathe. Green imekufa."

Kisha kwa bahati, na hii bahati ilikuwa inamtembelea kila Alhamisi bila kukosa, ako na screen ingine nzima hapo kwa bag. Elfu saba na mia tano. Ile imekufa ataichukua na mia tano, akatoe vyuma. Screen mpya inakuja na cable yake, kwa hivyo rangi zinarudi zote, watu wanashukuru Mungu na daktari. Hiram anaenda na ile "imekufa", anaipanguza, na wiki ijayo inauzwa duka ingine. Jamaa hakuwahi kununua screen ya kuuza. Alianza na moja ya binamu yake na tangu hapo ni mzunguko. Kuna moja ilizunguka Nakuru yote ikarudi kwa mwenyewe wa kwanza, na mwenyewe akaiangalia, akasema hii ni kali kuliko ile yake ya kitambo.

Hao ndio wafanyabiashara wetu.

Na ukikataa kulipa, Hiram alikuwa na hadithi ya Njuguna. Njuguna ako na duka karibu na soko, na alijiona mjanja. Screen yake ilipogeuka pink alisema haiti mtu. Akachukua picha ya marehemu, mzee mmoja wa Mai Mahiu, akaanza kumwongezea green kwa computer. Akaongeza, akaongeza, mpaka pale kwa screen pink ikafifia, akajiambia mzee sasa amekaa mtu. Aka-print program mia mbili bila kuangalia. Lakini printer haina habari ya screen. Printer ilikuwa na green yake yote, sasa ikapewa na ile ya kuongezwa. Mzee akatoka kijani kama sukuma wiki. Familia ilifungua box kaburini, mbele ya wageni na choir. Njuguna mwenyewe akaita daktari jioni hiyo hiyo, na mpaka leo akienda Mai Mahiu anapitia nyuma ya malori.

"Sasa mathe," Hiram alikuwa anamaliza, "chaguo ni lako. Mimi sikulazimishi marehemu wako awe mboga."

Wote walikuwa wanalipa.

Ile Alhamisi tunaongelea, Hiram alichagua duka ya Mama Eucabeth, huko karibu na station ya reli. Babu ya Eucabeth alitoka western kuja kujenga reli, na watu wanasema alirithisha familia roho ya chuma. Huyo mama alikuwa mkono gamu. Alikuwa anakulipisha program, halafu anakulipisha pini ya stapler kando. Hiram alikuwa anapenda watu kama hao kabisa. Mtu mkarimu screen ikimsumbua atanunua mpya dukani. Bahili ataita daktari.

Aliingia saa tatu asubuhi. Pale kwa screen kulikuwa na picha ya nyanya mmoja wa Molo, Tabitha Chepchirchir, miaka tisini na moja, amefungwa kitambaa ya kichwa green, ile ya wamama wa kanisa yake.

"Sasa mathe. Nilikuwa nataka kuona vile program inakaa. Yetu ni ya wiki ijayo."

"Pole. Nani amekufa?"

"Mjomba."

"Anaitwa?"

Hapo Hiram hakuwa amejipanga. "Mjomba tu."

Eucabeth akamwangalia juu ya miwani. "Tuandike hivyo? Mjomba Tu, amelala?"

"Acha nikuje na majina kamili. Hii kifo imetupata vibaya." Na kalamu ikaanguka nyuma ya meza.

Sekunde kumi na mbili. Alikuwa amekula.

Simu ililia saa sita kasoro. Sauti ya Eucabeth ilikuwa juu, imekimbia.

"Ni daktari wa screen? Yangu imegeuka pink. Saa nane watu wa Molo wanakuja kuchukua program mia tatu, mazishi ni kesho, na nyanya ya watu anakaa kama nyama. Nikiharibu hii, hakuna maiti ya Molo itawahi kuingia hapa tena."

"Usishike kitu. Nakuja."

Hakwenda. Alikunywa chai na mandazi mbili, akasoma gazeti ya mtu kutoka nyuma. Mgonjwa asipongoja hajui bei ya daktari. Saa saba kasoro kumi akafungua mlango ya duka na koti yake nyeupe, na hakuna kitu kwa uso wa Eucabeth ilimwambia kwamba ameonekana asubuhi. Bila koti alikuwa mtu mwingine, na wamama wa biashara hawaangalii nyuso, wanaangalia mkono. Hivyo ndivyo alikuwa anaamini.

Screen kwa meza ilikuwa pink vizuri sana. Pamba. Spirit. Kunusa. Kichwa.

"Pole mathe. Green imekufa."

"Uwi. Imekufa kabisa?"

"Kabisa. Ikifika hapa haiponi. Niko na ingine nzima kwa bag, elfu saba na mia tano, na hii nitaichukua na mia tano ya vyuma. Umesikia mambo ya Njuguna?"

"Nilisikia. Ile ya sukuma wiki." Eucabeth alikaa chini kama mtu amepewa matokeo ya hospitali. "Daktari, wacha nikuulize kitu na usinicheke. Hii ugonjwa inaambukizana?"

 Kwa miaka miwili alikuwa amesikia maswali mingi ya kijinga, lakini hii ilikuwa mpya. "Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu niko na zingine saba huko store. Nilinunua za lab ya shule moja huko Molo wakati walikuwa wanauza vitu vya zamani, pamoja na hii. Sijawahi kuzitumia. Leo hii ilipogonjeka nikasema wacha nitoe moja. Nikaiweka hapa, ikawa pink. Nikatoa ya pili, pink. Zote saba, daktari. Ukiweka tu hapa mezani, inashikwa."

Kama ungekuwa hapo ungeona vile mtu anameza kicheko. Hiram alijifanya anakohoa. Alielewa yote mara moja. Huyu mama alikuwa amechukua screen saba nzima, moja baada ya ingine, akaziunganisha kwa cable ileile moja yenye yeye Hiram alivunja asubuhi. Kwa hiyo cable, hata screen imetoka kiwandani jana itakuwa pink. Ujinga ya aina hii huwa haipatikani bure. Mungu huiweka mahali, halafu anakuonyesha.

"Inaambukizana sana," akasema na huzuni. "Hata usizishike na mkono mtupu. Ikikaa hapo store itaingia kwa printer."

"Yesu. Basi zitoke. Utanipa pesa ngapi?"

"Mathe, mimi ndio nabeba ugonjwa, na wewe ndio unataka pesa?"

"Umesema moja ni mia tano ya vyuma. Kwani za store hazina vyuma?"

"Wacha nizione kwanza."

Sasa Hiram naye ni mtoto wa Molo. Amekulia kwa viazi, na mtoto wa viazi anajua gunia linavyojazwa: kubwa zinakaa juu kwa mdomo kukusalimia, zile ndogo na zimeoza zinalala chini. Hakukubali kuonyeshwa screen ya juu. Alivaa gloves, akaenda store mwenyewe, akavuta ile ya chini kabisa. Akaileta mezani, akaiweka kwa ile cable. Ikawaka vizuri, haina ufa, haina mstari. Pink. Akaleta ya pili kutoka chini. Pink. Zote zilikuwa zinafanana kama watoto wa tumbo moja, na sticker ya shule nyuma. Kwa ya tano kidole chake kiligusa button ya chini, na ile menu ndogo ya screen yenyewe ikatokea katikati, ile ya kuongeza mwanga. Nayo ilikuwa pink, maandishi pink, kila kitu pink. Hiram aliifunga haraka kabla mama aanze kuuliza.

Kwa bag yake kulikuwa na cable nzima. Angeichomeka hapo mara moja, angejua kila kitu. Lakini fikiria. Aweke cable nzima mbele ya huyu mama, rangi zirudi zote, nyanya wa Molo ang'ae na kitambaa yake? Bahili angeona shida ni waya ya mia tatu, na screen nane zingepanda bei hapo hapo. La. Hiram alisukuma cable yake chini kabisa ya bag na akafunga zipu. Uongo ukiuza, unalindwa kama yai.

"Nitakupa elfu nne kwa zote nane," akasema.

"Elfu ishirini."

"Mathe, ni takataka."

"Basi wacha takataka yangu ikae. Nitaita mtu wa kununua vyuma, ako hapo tu kwa kona. Atazifungua hapa nje mbele yangu."

Mtu wa vyuma akizifungua na kuziwasha na cable ingine, mambo imeisha. Hiram akaangalia saa. Saa saba na dakika ishirini. Saa nane watu wa Molo wanaingia, na kati yao hakukosi kijana amesoma computer, mwenye atasema, kwani mmejaribu kubadilisha waya? Kwa mara ya kwanza Alhamisi ilikuwa inamkimbiza yeye.

"Elfu nane na hii screen yangu nzima ibaki kwako."

"Kumi na mbili, na yako ibaki. Na cash. Hii pesa ya simu mtu anarudisha kabla chai ipoe."

Hiyo ilimuuma Hiram, kwa sababu ndiyo alikuwa amepanga. Lakini alipiga hesabu: screen nane, kila moja elfu saba na mia tano. Akaenda kwa agent wa pesa hapo nje, akatoa jasho yake yote, kama hiyo unaweza kuita jasho, akarudi akahesabia mama mkononi. Aliacha screen yake mezani. Akaita mkokoteni.

Walipokuwa wanapanga screen kwa mkokoteni, binti wa marehemu alifika kutoka Molo, mama mnene amevaa koti mbili, anaitwa Cheptanui.

"Habari ya kazi, Mama Eucabeth. Zimetoka?"

"Zimetoka kitambo. Karibu, mama. Pole tena." Eucabeth akainama, akavuta box kutoka chini ya counter. Mia tatu, zimekunjwa, zimepigwa pini. Cheptanui akatoa moja, akaishika kwa mwanga, akaangalia uso wa mamake.

"Hiyo kitambaa ndiyo yake. Hiyo green kabisa."

"Mama yako hawezi toka hapa na rangi ya mtu mwingine." Kisha Eucabeth akachukua program moja ya ziada, akamletea Hiram hapo nje. "Shika, daktari. Ya kusoma njiani. Hii siwezi kukulipisha hata pini."

Hiram akaikunja, akaiweka kwa mfuko wa koti. Hakufikiria. Alikuwa anajiimbia ndani.

Hebu turudi kidogo saa tatu asubuhi, kwa sababu Hiram hakuwa na huo wakati.

Screen ilipogeuka pink, Eucabeth hakupiga kofi na hakupiga magoti. Alibonyeza ile button ya chini. Menu ndogo ya screen ikatokea na rangi zake zote, safi, na nyuma yake nyanya pink. Basi screen ni nzima, kinacholetwa kutoka nje ndicho kibaya. Aka-print karatasi moja: nyanya akatoka vizuri, na kitambaa yake. Basi computer pia ni nzima. Imebaki waya. Akaichomoa, akaona kipini kimoja kimelala kama mlevi, na kando yake kwa sakafu, kipande ya kucha imetoka kwa nail cutter ya mtu. Alibadilisha cable, akaweka ya shilingi mia tatu kutoka kwa droo. Kufika saa tano program zote zilikuwa zimetoka. Ndio akainama chini ya meza kuangalia kama kuna uchafu mwingine yule mtu wa mjomba aliacha, akapata sticker.

Utauliza huyu mama alijulia wapi. Alisomeshwa na hasara. Ile lab ya shule huko Molo ilipigwa na radi. Radi haikuua mtu, iliua green ndani ya screen nane kati ya tisa, na muuzaji akamwonyesha Eucabeth ile moja ya tisa, ile ya mdomo wa gunia. Alizirudisha nyumbani, akajaribu cable sita, computer tatu, menu yote mpaka button ikaisha maandishi. Pink. Mafundi wa kweli walimwambia hizi haziponi. Zilikuwa zimekaa store mwaka mzima na blanketi ya vumbi, zikingoja mtu mwenye akili nyingi kuliko ya kawaida. Ile nzima ya tisa, yenye alikuwa akitumia mezani na akaibadilisha na moja imekufa kabla ya kupiga simu, sasa ilikuwa imelala nyuma ya store, imefunikwa na sweta.

Na ile ya Hiram iliyobaki mezani? Eucabeth aliigeuza, akapata jina ya Njuguna imeandikwa nyuma na marker. Jioni hiyo akampelekea. Si bure. Elfu tano.

Hiram alifika kwake saa tisa. Alilipa mkokoteni, akapanga screen zote nane ukutani kama wanafunzi wa assembly. Akatoa ile cable nzima kwa bag, akaipanguza na koti, akaichomeka kwa ya kwanza.

Pink.

Akacheka kidogo. Akaichomoa, akaipuliza, akairudisha. Pink. Akaenda ya pili. Ya tatu. Akabadilisha cable. Akabadilisha computer, akaazima ya jirani. Alipofika ya tano, kidole chake kikapata button, na ile menu ndogo ikatokea katikati, maandishi pink, na sasa ndio aliiangalia. Hakuna cable inafika kwa hiyo menu. Hiyo inatoka ndani ya screen yenyewe. Alijua hivyo. Alikuwa amejua hivyo miaka miwili, ilikuwa ni kazi yake kujua.

Aliwasha zote nane. Chumba yote ikawa pink, ukuta pink, kitanda pink, mikono yake pink kama ya mtoto amezaliwa sasa hivi. Alikaa kwa kitanda, kitu ikamkwaruza kwa mfuko. Ni program. Akaikunjua. Nyanya Tabitha Chepchirchir, amelala akiwa na miaka tisini na moja, alikuwa anamwangalia na kitambaa yake ya kanisa, na hiyo ndiyo ilikuwa green pekee kwa nyumba nzima.

Hiram alitoa pamba. Sijui kwa nini, mkono ulizoea tu. Akapanguza kona ya screen, akainusa, akatikisa kichwa.

Hapakuwa na mathe wa kuambiwa pole.